Gangilonga na Loleza: Miji Miwili Ikitazamwa Kutoka Juu



Mtu akitaka kujua kwa nini mji umekaa pale ulipokaa, njia iliyo rahisi kuliko zote ni kupanda mahali pa juu na kuutazama. Vitabu vitamweleza tarehe na majina ya watawala, lakini mabonde, mito na njia za kupitia majeshi na wachuuzi huonekana vizuri zaidi kutoka juu ya kilima. Kwa sababu hiyo nimeona kwamba mchango wangu katika toleo hili la jarida letu uwe juu ya vilima viwili vya Nyanda za Juu za Kusini: Gangilonga wa Iringa, ambao kila mmoja wetu aliupanda akiwa mwanafunzi, na Loleza wa Mbeya, ambao nimeufahamu baadaye kwa sababu ya kazi. Mimi ni mtumishi wa serikali, wala si mwanahistoria kwa kazi yangu, ijapokuwa historia ndiyo niliyoisoma Chuo Kikuu. Basi yale nitakayoyasema kama maoni yangu nitayataja kuwa ni maoni, na msomaji ana hiari ya kuyapinga.

Tuanze na Gangilonga. Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 tunakumbuka utaratibu ulivyokuwa. Jumamosi, baada ya usafi wa mazingira na baada ya viranja kukagua mabweni, aliyetaka kutoka aliomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu. Wengine walikwenda sokoni, wengine stendi kuangalia mabasi ya Dar es Salaam, na kundi moja daima lilielekea kwenye mwamba. Si safari ya kujivunia. Kutoka katikati ya mji mtu mzima mwenye afya hutumia muda wa nusu saa hivi mpaka mguuni mwa mwamba, na kutoka hapo hadi juu ni dakika chache za kuparamia kwa mikono na miguu. Hata hivyo anayefika kileleni hulipwa vizuri. Upepo wa Iringa, ambao bwenini tuliulaumu kwa kutunyima usingizi mwezi wa Julai, huko juu hugeuka kuwa rafiki. Chini yako umelala mji wote na mapaa yake ya mabati. Nyuma ya mji ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ruaha Mdogo, na ng'ambo ya bonde vilima vinafuatana kimoja baada ya kingine mpaka macho yanachoka. Jua linapotua, mawe hayo makubwa hubadilika rangi, yakawa mekundu kama yaliyotolewa motoni.

Jina lenyewe ni la Kihehe. Liganga ni jiwe, na kulonga ni kusema. Kwa hiyo Gangilonga ni jiwe lisemalo. Husimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akifika kwenye mwamba huo kutafakari na kusikiliza, na kwamba jiwe ndilo lililomwarifu kuwa Wajerumani wanakuja. Kila mwanafunzi aliyepita shuleni kwetu ameisikia hadithi hiyo. Wengi huiacha hapo hapo: wanaoamini wanaamini, na wanaocheka wanacheka. Mimi naona makundi yote mawili yanaiacha hadithi mapema mno.

Tuiulize maswali. Kwanza, wakati wa Mkwawa mji huu tunaouona chini ya mwamba haukuwapo. Makao makuu ya Mkwawa yalikuwa Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, mwendo wa kilomita 15 hivi upande wa jua kutua. Je, kiongozi mwenye ngome yake Kalenga alikuwa na shughuli gani kwenye mwamba ulio mbali kiasi hicho? Jibu laweza kupatikana tukigeuka na kutazama upande wa pili, mashariki, ilikopita njia ya kutoka pwani. Huko ndiko kuliko Lugalo. Gangilonga umesimama kati ya Lugalo na Kalenga. Anayetoka pwani kwenda Kalenga lazima aivuke nchi hii, na anayekaa juu ya mwamba huu ana nafasi ya kumwona yeye, au vumbi lake, au moshi wa vijiji anavyovichoma, kabla hajafika.

Maoni yangu basi ni kwamba jiwe lilisema kwa vinywa vya watu. Palipo na mwamba mrefu penye kuona mbali, hapo huwekwa walinzi. Na palipo na walinzi, hapo hutoka habari. Si lazima Mkwawa mwenyewe awe alikaa pale kila siku. Yatosha kwamba watu wake walikaa, na kwamba habari zilizotoka huko zilimfikia mapema. Baada ya miaka mingi walinzi wamesahauliwa, jiwe limebaki, na sifa ya kusema ikabaki kwa jiwe.

Tunajua kwa hakika kwamba habari zilimfikia. Mwaka 1891 kikosi cha Wajerumani kikiongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, kilipanda kutoka pwani kuja Uhehe. Njiani kilichoma vijiji. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi hicho kilipita Lugalo kwa mstari mrefu, mtu nyuma ya mtu, bila kujua kwamba Wahehe wamejificha katika mawe na vichaka pande zote. Mapigano yenyewe yalikwisha kwa muda mfupi. Zelewski aliuawa pamoja na maofisa wake kadhaa na sehemu kubwa ya askari na wapagazi, na bunduki zao zikaangukia mikononi mwa Wahehe. Jeshi linalovamiwa namna ile limevamiwa na watu waliojua saa ya kufika kwake. Ndugu zetu waliojiunga na jeshi na kupita Kambi ya Lugalo, Dar es Salaam, wanajua jina hilo limetoka wapi.

Wajerumani hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894 majeshi yao chini ya Gavana von Schele yaliivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne, akihama toka kilima hadi kilima, akilishwa na kufichwa na watu wake. Ndani ya miaka hiyo, mwaka 1896, kapteni Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, aliamua kujenga kituo kipya cha kijeshi. Hakukijenga Kalenga bondeni. Alikijenga juu, kwenye uwanda unaoangalia bonde la Ruaha Mdogo, karibu na Gangilonga. Neno Iringa nalo limetokana na lilinga, yaani ngome, na mwanzoni lilikuwa jina la Kalenga. Kituo kipya kikaitwa Iringa Mpya, na baada ya muda mji mpya ukalichukua jina lote, na Kalenga ikabaki Kalenga.

Ndugu msomaji, hapa ndipo kilima kinapofundisha kuliko kitabu. Ukisimama juu ya Gangilonga unaona kwa macho yako kwamba von Prince alichagua mahali hapo kwa sababu ile ile iliyowafanya Wahehe wauthamini mwamba: anayekaa hapa anaona. Mji wa Iringa haukuanzishwa kwa sababu ya soko wala bandari wala mgodi. Ulianzishwa ili mtu mmoja atafutwe mpaka apatikane. Hata majina ya mitaa yanashuhudia. Kitanzini, mtaa ambao tuliupita kila tulipotumwa mjini, jina lake huelezwa kuwa limetokana na kitanzi cha kunyongea watu wakati wa Wajerumani. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, aliwekwa na Wajerumani kuwa mtawala mwishoni mwa mwaka 1896, na miezi michache baadaye wakamnyonga kwa kumshuku kuwa anamsaidia ndugu yake.

Mkwawa mwenyewe alijiua kwa bunduki tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, askari wakiwa wamemkaribia. Kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Jambo hilo halikuwa dogo hata kwa wakubwa wa dunia: Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, katika kifungu chake cha 246 uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Halikurudi. Ilimpasa Gavana Edward Twining kwenda Bremen miaka mingi baadaye, akalichagua fuvu moja katika hazina ya makumbusho ya huko, na mwaka 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye Taifa lilimjua kama Spika wa Bunge. Wako wataalamu ambao mpaka leo wana shaka kama fuvu lile ndilo hasa. Lakini liko Kalenga, na watu huenda kuliangalia. Suala la mafuvu halijafungwa hata sasa: tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Maji Maji, na akaahidi msaada katika kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano.

Kuna mambo ambayo hadithi za kishujaa huyaruka, na mwanafunzi wa historia hana budi kuyakabili. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Wahehe hawakujiunga. Walikuwa wametoka vitani karibuni, wakiwa wamepoteza watu, ng'ombe na viongozi. Anayewalaumu kwa hilo ajiulize kwanza ni nyumba ngapi za Uhehe zilikuwa bado na wanaume wa kupigana.

Jambo lingine liko upande wa kaskazini, kwenye njia ya Dodoma, tarafa ya Isimani. Tangu miaka ya 1950 wakulima walifungua huko mashamba makubwa ya mahindi, wengine wakilima kwa matrekta. Sera ya vijiji vya ujamaa ilipofika, mvutano ulikuwa mkali. Tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alikwenda shambani kwa mkulima Saidi Mwamwindi. Wakazozana, na Mwamwindi akampiga risasi akamwua, kisha akaupeleka mwili Iringa na kujisalimisha polisi. Mahakama ilimhukumu kifo, naye akanyongwa. Chuo cha Ualimu cha Kleruu mjini Iringa kinabeba jina la marehemu. Mimi kama mtumishi wa serikali nalitaja jambo hili kwa heshima kwa pande zote mbili. Nimekaa mikutanoni na wananchi mara nyingi, na kila ninapotumwa kupeleka agizo mahali ambapo watu hawajaulizwa, Isimani hunijia akilini. Hakuna somo la utawala nililofundishwa darasani lililonikaa kuliko hilo.

Sasa twende Mbeya. Kituo changu cha kazi kilikuwa huko kwa miaka kadhaa, na nilipofika nilifanya kama nilivyozoea Iringa: nikauliza kilima kiko wapi. Sikuhitaji kuuliza sana, kwa maana Loleza umeuegemea mji wa Mbeya kama ukuta. Kilele chake kina mita 2,656 juu ya usawa wa bahari, na siku hizi kimebeba minara ya mawasiliano. Wasichana wa Sekondari ya Loleza wameuchukua kwa jina. Usidhani ni Gangilonga nyingine. Hapa mtu anapanda saa mbili au tatu, na aliyezoea kukaa ofisini hupumzika mara nyingi akisingizia kwamba anatazama mandhari. Miti ya kupandwa hukoma, nyasi za mlimani huanza, na ukungu waweza kukufunika asubuhi na kukuachia saa nne bila kuaga.

Ukifika juu siku isiyo na ukungu, kusini unaona jiji limetandazwa bondeni, barabara kuu ya Zambia na njia ya reli, na mbali zaidi Mlima Rungwe wenye mita zipatazo 2,960. Hapa tena tuulize swali letu: kwa nini mji uko hapa? Jibu ni tofauti kabisa na la Iringa, nalo liko nyuma ya mgongo wako, kaskazini, upande wa Chunya. Katika miaka ya 1920 dhahabu ilipatikana kwenye vijito vya Lupa, na miaka ya 1930 watu wakamiminika huko, Waafrika wa makabila mengi, Wazungu na Wahindi, kila mmoja na karai lake au na mtaji wake. Mji wa Mbeya ulikua kwa kuwahudumia hao: maduka, benki, ofisi na hospitali. Wazee wa Kisafwa husimulia kwamba jina la Mbeya linatokana na neno lao la chumvi, kwa sababu ya wachuuzi waliokuja kubadilishana bidhaa kwa chumvi. Iwapo ni hivyo, basi biashara imo katika jina la mji kabla hata dhahabu haijaonekana.

Dhahabu ya vijitoni ilipungua, lakini mahali palikuwa pamekwisha kuwa njia panda, na njia panda haifi upesi. Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965, Zambia ikabanwa, shaba yake ikakosa njia salama ya kwenda baharini. Tanzania na Zambia, kwa mkopo wa China usio na riba, zikajenga reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kazi ilianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Ilipita Mbeya. Haikupita Iringa: ilishika bonde la Kilombero, ikapanda Mlimba na kutokea Makambako. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini Mbeya leo ni jiji kubwa kuliko Iringa, ingawa Iringa ni mji mkongwe zaidi, ataanza kupata jibu akiwa juu ya Loleza akitazama reli inavyopita. Ngome hutafuta mahali pagumu kufikika. Biashara hutafuta mahali pepesi.

Naandika haya yote kwa sababu ya jambo moja ambalo limenisumbua. Mwaka jana niliomba kufuatana na wanafunzi wa kidato cha pili walipopelekwa Gangilonga. Walikuwa vijana wazuri, wenye adabu na wepesi wa miguu kuliko mimi. Walipofika juu walipiga picha na mwalimu wao, wakapiga kelele ili wasikie mwangwi, wakatafuta mahali pa kukaa. Nikawauliza: Lugalo iko upande gani? Walijua tarehe ya vita bila kusita, na mmoja alinitajia hata jina la Zelewski akalitamka vizuri kuliko ninavyolitamka mimi. Lakini walionyesha vidole pande nne za dunia. Nikauliza Kalenga. Kijana mmoja akanijibu kwa unyofu kabisa: "Shikamoo mzee, Kalenga si iko kwenye kitabu?" Wenzake walicheka. Mimi sikumcheka, kwa sababu alisema kweli: ndiko tulikomwonyesha.

Binti mmoja akaniuliza kama kweli jiwe lilisema. Nikamweleza kuhusu walinzi kama nilivyoeleza hapo juu. Akafikiri kidogo, akasema kwamba bibi yake, ambaye anakaa kijijini upande wa Kalenga, huieleza hadithi kwa namna nyingine, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuiandika. Nikamwambia aiandike. Akaniuliza, aiandike kwa ajili ya mtihani upi?

Swali hilo sijaweza kulisahau. Wazee wenye kumbukumbu walizozipokea kwa waliouona utawala wa Wajerumani wanazidi kupungua. Nyumba zimesogea hadi mguuni mwa mwamba, na juu ya jiwe nilikuta majina ya watu yaliyochorwa kwa rangi. Jiwe lenyewe litadumu. Tunachoweza kupoteza ni yale linayoyasema, na tutayapoteza sisi, si watoto wetu, kwa maana sisi ndio tulio na nafasi na uwezo kwa sasa.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu mbele ya umoja wetu. La kwanza, kila kidato cha kwanza kipelekwe Gangilonga katika muhula wake wa kwanza, wakiwa na ramani na mwalimu wa historia, na asishuke mtu kabla hajaweza kuonyesha kwa kidole Lugalo, Kalenga, Isimani na bonde la Ruaha Mdogo. Gharama yake ni viatu na chupa ya maji. La pili, umoja wetu ununue madaftari na vinasa sauti vichache, wanafunzi wanapokwenda likizo wawahoji babu na bibi zao, na yaliyopatikana yahifadhiwe katika maktaba ya shule, na nakala ipelekwe makumbusho ya Boma pale mjini. Masimulizi yanayopingana yahifadhiwe yote mawili. Mwanahistoria wa kesho atayapima. La tatu, siku ya mkutano wetu wa mwaka, kabla ya hotuba na chakula, sisi wenyewe tupande mwamba pamoja na wanafunzi. Wenzetu ambao matumbo yametangulia mbele yao wasiogope. Tutapanda polepole, na wenye magoti mabovu watasubiri chini na kusimamia maji ya kunywa.

Yule binti nimemwahidi kwamba simulizi ya bibi yake ikiandikwa nitaomba ichapishwe katika toleo lijalo la jarida hili. Mhariri amekubali kuacha kurasa mbili. Wengine wenye wazee nyumbani wasichelewe, kwani nafasi ni kidogo na muda nao si mwingi.